Makala moja, watu wanne, Unguja na Pemba

Watu wakiniuliza kwa nini wasomi wetu wanasita kuandika pamoja mtandaoni, wanategemea nilaumu intaneti. Ni kweli inasumbua. Hapa Chake Chake umeme ukikatika, mara nyingi na mtandao unakwenda nao. Lakini hilo lina dawa. Google Docs, programu ya kuandika pamoja mtandaoni, inakubali kuandikwa bila intaneti, mradi uwe umeiruhusu mapema ukiwa bado mtandaoni. Mtandao ukirudi, uliyoyaandika yanapanda yenyewe. Yaliyotuelemea sisi yalikuwa heshima na jina.

Makala yetu ilihusu wakulima wa mwani. Tulikuwa wawili Pemba, mmoja Unguja, na Maalim aliyetusomesha sote. Yeye alizoea kupokea faili kwa baruapepe, kulichapisha, kulisahihisha kwa kalamu na kulirudisha. Haukupita muda kila mmoja akawa na toleo lake, na hakuna aliyejua lipi ndilo la mwisho. Nikapendekeza tuwe na faili moja la mtandaoni. Aliyekataa hakuwa mzee, alikuwa kijana mwenzangu: "Mimi nitaifutaje sentensi ya Maalim, naye anaona?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kwa malezi yetu mwanafunzi hamsahihishi mwalimu wake mbele ya watu. Basi tukapatana kwamba hakuna atakayefuta neno la mwenzake. Sote tutaandika kwa njia ya mapendekezo, maneno mapya yaonekane kwa rangi, ya zamani yapigiwe mstari tu mpaka mwenyewe akubali. Nikamfuata Maalim nyumbani na kompyuta yangu.

"Kwa hiyo maneno yangu yatabaki?"

"Yatabaki, Maalim. Hata ya wiki iliyopita yamehifadhiwa."

"Haya mwanangu, nionyeshe pa kubonyeza."

Faida niliiona kwenye sentensi moja. Maalim aliandika kwamba cottonii, mwani wenye bei nzuri kuliko spinosum, unakufa kwa joto la maji. Mwenzetu wa Unguja akauliza pembeni mwa ukurasa: vipi ule ugonjwa unaoyafanya matawi yawe meupe? Maalim akajibu palepale kwamba joto ndilo linaloudhoofisha mwani hata ugonjwa ukaupata. Sentensi ikatoka na sababu zote mbili, kwa mpangilio wake. Kwa baruapepe, nina hakika swali lile lisingeulizwa.

Jina lilikuwa gumu zaidi. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa machapisho, na jina linalotangulia kwenye makala lina uzito wake. Mtu akihofu kwamba jasho lake litamezwa na jina la mwingine, ataficha rasimu yake, na simlaumu. Hapo nikaleta CRediT, utaratibu wa majukumu 14 unaotumiwa na majarida mengi: nani alibuni wazo, nani alikusanya data, nani aliandika rasimu ya kwanza, nani alihariri. Tukaujaza juu ya faili kabla ya aya ya kwanza, pamoja na mpangilio wa majina. Kijana aliyeshinda na wakulima pwani wakati wa bamvu, maji yakitoka, akaona kazi yake imeandikwa mbele ya wote, Maalim akiwa shahidi. Tangu siku hiyo hakusita tena kuandika.

Jarida lenyewe lilitaka faili la kawaida la Word, kwa hiyo mwishoni tulilishusha na kulituma hivyo. Mjadala wa pembeni hatukuutuma nalo. Nimeuhifadhi, na sasa nawasomesha nao wanafunzi wangu wa utafiti.