Santuri zangu sasa zinafika salama, na siri si mapovu

Nimenunua santuri mtandaoni kwa miaka mingi, na zilizoharibika njiani nyingi ziliharibiwa na ufungaji, hata kabla kifurushi hakijafika posta. Kinachonikera zaidi ni ushauri unaorudiwa kila mahali: mwambie muuzaji aongeze plastiki ya mapovu, mwambie aandike "kinavunjika" juu ya boksi. Maandishi hayo hayazuii chochote. Kifurushi kinapita kwenye mikanda ya mashine, kinadondoka, kinalaliwa na vifurushi vizito kuliko chenyewe.

Nami niliufuata ushauri huo. Nilimwomba muuzaji mmoja aizungushie santuri mapovu mara tatu, akafanya zaidi ya nilivyoomba. Boksi likafika limetuna kama mto. Ndani yake kona mbili za jalada zilikuwa zimekunjika, ukingo wa chini umepasuka kama sentimita 12, na juu ya jalada, ambalo lilikuwa la kung'aa, kuna vidoti vya duara vilivyojipanga safu kwa safu.

Nililiweka lile jalada mezani nikachunguza kasoro moja baada ya nyingine. Vile vidoti ni alama za mapovu yenyewe: upande wenye mapovu ulielekezwa kwenye jalada, kisha uzito na joto la njiani vikafanya kazi yake. Kona zilikunjika kwa sababu mapovu ni laini. Kona ikigongwa, povu linabonyea na karatasi inabonyea nalo. Ule mpasuko ndio ulionifundisha zaidi, kwani kwa nje ukingo haukuwa na jeraha lolote. Karatasi ilikuwa imefunguka kutoka ndani kwenda nje. Santuri yenyewe ndiyo iliyolipasua jalada.

Inakuwa hivi. Santuri ya inchi 12 huwa na uzito wa gramu 120 hadi 180 na ukingo wake ni mwembamba. Ukingo wa jalada ni karatasi ngumu iliyokunjwa na kugundishwa, basi. Boksi likiangukia ubavu, jalada linasimama lakini santuri inaendelea na safari hadi igonge ule mshono. Mara moja au mbili zinatosha. Hata ulizungushie jalada mapovu ya chumba kizima, ndani santuri bado inacheza.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa muuzaji ni kuitoa santuri kwenye jalada. Ibaki kwenye mfuko wake wa ndani wa karatasi, iwekwe nyuma ya jalada, kisha vyote viwili viingie kwenye mfuko mmoja wa polithini. Usikubali mifuko laini ya plastiki aina ya PVC. Ikikaa muda mrefu huacha utando kama ukungu juu ya santuri ambao kuosha hakuutoi. Kama mfuko wa ndani nao umechapwa picha au mashairi, santuri ihamie kwenye karatasi nyeupe ya kawaida na ule wenye picha urudishwe mtupu ndani ya jalada. Santuri ambayo bado imefungwa na nailoni ya kiwandani ni mtihani. Mimi naomba ifunguliwe, maana nanunua ili nisikilize. Anayekusanya zilizofungwa ajue kwamba hatari ya mshono inabaki palepale.

Sasa kadibodi, na hapa ndipo kazi ilipo. Kata kadibodi moja ukiangalia ubavu wake: utaona vijimfereji vinavyokwenda upande mmoja. Kadibodi hukunjika kirahisi kwa kufuata mifereji hiyo, lakini kuikunja kwa kukatisha mifereji ni kazi ngumu sana. Wauzaji wengi huweka kadibodi mbili zenye mifereji inayoelekea upande mmoja, halafu wanashangaa kifurushi kimekunjika katikati kama kitabu. Vipande viwe vinne, viwili kila upande wa jalada, na katika kila jozi mifereji ya kimoja isimame na ya kingine ilale. Shika jozi hiyo kwa mikono miwili ujaribu kuikunja, utaona tofauti.

Ukubwa nao una maana. Jalada lina kama sentimita 31.5 kila upande, basi vipande viwe 33 au 34. Ile nafasi inayobaki pembeni ndiyo inayookoa kona: boksi likigonga chini, kadibodi ndiyo inayoumia. Vipande vibanwe kwa selotepu pande zote nne, na gundi isiguse jalada. Boksi likishafungwa, litikiswe. Kikisikika kitu kinacheza, liongezwe karatasi za kufinyanga pembeni, lakini kamwe usirundike katikati, maana hapo unaiwekea santuri uzito wa kuipinda.

Ujumbe wangu ni huu, na nautuma kabla ya kulipa: "Naomba santuri itolewe kwenye jalada, ikae nyuma yake. Kadibodi mbili kila upande, mifereji ipishane, zizidi jalada kwa sentimita moja kila upande. Nitumie picha kabla ya kufunga boksi. Gharama ya ziada nitalipa." Gharama hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na jalada lililopasuka. Asiyejibu, sinunui kwake.

Zile santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zina sheria yake. Ni za shelaki, hazipindi, zinavunjika kama sahani. Kila moja ilale kati ya kadibodi zake, boksi liingie ndani ya boksi kubwa zaidi, na kati ya maboksi hayo mawili kuwe na karatasi zilizofinyangwa na kushindiliwa, unene wa sentimita 5 pande zote. Vijipande vya povu havifai, kwani boksi likitikisika santuri inazama hadi chini.

Kifurushi kikifika napiga picha pande zote sita kabla ya kukigusa kwa kisu. Kisha nakata selotepu ya pembeni tu, ncha ya wembe ikiwa nje kidogo sana, maana upande wa pili wa kadibodi kuna jalada. Kadibodi na karatasi zote nazitunza mpaka niisikilize santuri pande zote mbili.