Usiku wa Tigh

Jana usiku hapa kwangu Free Area, Nakuru, kelele ilifika mahali jirani akagonga ukuta. Mpwa wangu alikuja na marafiki zake watatu, wote wa chuo, mmoja anasoma Egerton huko Njoro, na kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikiwaonyesha sirizi ya TV inaitwa Battlestar Galactica kutoka mwanzo kabisa. Jana tukafika mwisho wa msimu wa tatu. Wenye mmeiona mnajua kilichotokea sebuleni kwangu.

Kwa wenye hamjaiona, na kama mnataka kuiona bila kuambiwa basi wacheni kusoma sahii, hadithi iko hivi. Watu walitengeneza mashine zinaitwa Cylon, mashine zikaasi, zikaangamiza sayari zao zote 12, wakabaki watu kama 50,000 kwenye meli za angani wakitoroka na kutafuta dunia. Shida ni kwamba hao Cylon sasa wanafanana na watu, wanakula, wanalia, wanatoka damu. Kuna aina 12 na saba zishajulikana, tano bado zimejificha. Sasa mwisho wa msimu wa tatu watu wanne wanaanza kusikia muziki kwenye kuta za meli, kila mtu anadhani ni yeye peke yake amechanganyikiwa, muziki unawavuta mpaka kwenye chumba kimoja, wanaingia mmoja mmoja, wanaangaliana, na hapo wanajua. Tyrol, mkubwa wa mafundi wa ndege. Anders, ambaye alipigana na Cylon msituni. Tory, msaidizi wa Rais. Na Kanali Saul Tigh.

Kwa hao watatu vijana walisema tu ‘ai!’ Lakini Tigh! Huyu mzee ndiye alichukia Cylon kuliko mtu yeyote kwenye hiyo meli. Cylon walimfunga wakamtoa jicho moja. Mke wake aliwapa Cylon siri ili kumwokoa yeye, na Tigh akamwekea sumu kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ya huo usaliti. Halafu mnaambiwa yeye ni mmoja wao na hata yeye alikuwa hajui.

Mpwa wangu alisimama akashika kichwa. Wa Egerton akaanza hesabu, ati haiwezekani, Tigh alipigana vita vya kwanza miaka 40 nyuma wakati Cylon walikuwa bado ni vyuma vitupu, sasa aliingilia wapi? Na Tyrol amezaa mtoto na binadamu, mbona mtoto wa kwanza mchanganyiko tuliambiwa ni Hera? Hayo maswali ni ya maana na siyo yake peke yake. Episodi hiyo ilipotoka Marekani tarehe 25 Machi 2007 mashabiki waliyauliza hayohayo, wengine wakasema ni udanganyifu, wengine wakasema hawajawahi kuona kitu kama hicho kwenye televisheni. Mtayarishaji mkuu Ronald D. Moore hakuficha kwamba hao watano hawakuwa wamepangwa tangu mwanzo, na ukirudia misimu ya kwanza unaona.

Lakini kijana wa tatu, ule mpole ambaye huwa haongei, alikuwa amenyamaza kitambo halafu akasema, ‘Si basi wamuue tu. Ni mmoja wao.’

Nikaenda jikoni nikaweka chai, ingawa chai ilikuwa kwa thermos na haijaisha.

Mimi niliona hiyo episodi Desemba 2007, nikiwa Kaptembwo, hapahapa Nakuru, kwa wazazi, nimefunga shule. Tulikuwa tunakodisha DVD kwa kibanda kando ya steji, zile DVD moja imejazwa episodi nyingi na picha imefifia, na TV yetu ilikuwa mzee, inafanya kazi tu kwa sababu ya Fundi. Fundi alikaa ploti yetu, mlango wa pili kutoka kwetu, alikuwa anatengeneza redio na TV hapo nje kwa meza ya mbao, na harufu ya risasi ikiyeyuka kwangu mpaka leo ni harufu ya utotoni. Nikimpelekea TV ananionyesha ndani, hii ni nini, hii usishike hata kama umechomoa. Alinifundisha kusoma rangi za rezista kabla mwalimu wa fizikia hajafika hapo. Yeye pia alipenda hiyo sirizi, aliingia kutazama na sisi akisimama mlangoni, hataki kuketi ati suruali ina mafuta, na usiku wa Tigh alicheka kwa mshangao akasema, ‘Sasa huyu mzee atajificha wapi?’

Tarehe 30 matokeo ya kura ya urais yakatangazwa, ghasia za kikabila zikaanza. Yaliyofuata mnayajua, wenye mlikuwa Nakuru mnajua pia kwamba kwetu moto ulikuja kuwaka vibaya zaidi mwisho wa Januari.

Kitu ambacho sijawahi kuandika ni hiki. Kuna asubuhi moja mwanzo wa Januari nilitoka nje nikamkuta Fundi kwa meza yake kama kawaida, ameinama kwa redio ya mtu, na nikamwangalia, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kabila. Sikuona Fundi. Alikuwa hajabadilika kitu, mikono ni ileile, bisibisi ni ileile, jina lake nilikuwa nalijua miaka yote na halikuwahi kuniambia chochote. Akainua kichwa, akanisalimia, na mimi nikachelewa kujibu. Labda sekunde mbili. Aliona. Najua aliona kwa sababu alirudi kuangalia redio haraka sana.

Wiki ya mwisho ya Januari vijana wakaanza kupita kwenye ploti wakiuliza milango ni ya nani. Baba alikaa nje ya mlango wa Fundi kwa kiti usiku mzima, hakusema kitu, alikaa tu. Asubuhi Fundi na mke wake na watoto wakaenda Afraha Stadium kwa wale waliokimbia makwao, huku wengine, watu wa upande wetu kutoka sehemu zingine, wakiwa wamejaa Showground. Mji mmoja. Alimwachia Baba sanduku la vifaa, likakaa chini ya kitanda changu.

Ndiyo maana Tigh kwangu si fumbo la hesabu. Kwenye kile chumba, baada ya kujua, anawaambia wenzake jina lake, kwamba yeye ni afisa wa jeshi, na hata kama ni kitu kingine chochote huyo ndiye mtu anataka kuwa, na akifa leo atakufa akiwa huyo. Halafu anarudi kusimama kando ya Admirali Adama, mkuu wake, kazini. Msimu wa nne walikuja kueleza vile hao watano walitokea, maelezo marefu ya kale na kale, na mimi kusema ukweli sikuyapenda, ilikuwa na nguvu zaidi wakati hakuna mtu anajua kitu, ni yeye tu na uamuzi wake. Nilisikia baadaye kwamba Machi 2009, karibu na episodi ya mwisho, Umoja wa Mataifa uliwaita watengenezaji na waigizaji wa sirizi New York kuzungumzia haki za binadamu na maridhiano, na Edward James Olmos aliyeigiza Adama alisema kwa ukali kwamba jamii ya binadamu ni moja tu. Nilifurahi. Nikamfikiria Fundi kwa mlango, ameshika fremu.

Alirudi Aprili 2008, mara moja, kuchukua sanduku. Walikuwa washahamia Kisumu. Mama akamwekea chai akainywa akiwa amesimama. TV yetu ilikuwa na mstari mweupe katikati ya kioo, akauangalia, akafungua sanduku, akaitengeneza hapohapo, akakataa pesa. Nilimshikia tochi. Nilitaka kumwambia kuhusu ile asubuhi na sikuweza, na yeye akanionyesha tu ile kapasita mbovu, akaniuliza, ‘Hii unaikumbuka?’ Nikasema naikumbuka.

Niliporudi sebuleni jana na chai, vijana walikuwa bado wanabishana. Yule mpole akaniuliza, ‘Anko, wewe ulivyoiona mara ya kwanza ulisema nini?’ Nikamwambia kesho. Wanakuja saa moja tuanze msimu wa nne. Nimenunua maziwa, na nitaongea kabla sijawasha TV.