Shaba ndani ya nondo

Nafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha nondo, nje kidogo ya Dar es Salaam, na kinachoninyima raha kazini ni shaba.

Hatuna mgodi sisi. Malighafi yetu ni skrepa: chesesi za magari, mageti, mapipa, friji mbovu, chochote kinachonasa kwenye sumaku. Vyote vinayeyushwa kwenye tanuru la umeme, vinamiminwa kuwa bileti, yaani miti mirefu ya chuma, kisha bileti zinapashwa moto upya na kupitishwa kwenye rola mpaka zinatoka nondo. Kabla ya kumimina, kijana wa tanuru huchota uji wa chuma kwa upawa na kuniletea sampuli, kidonge kinachoenea kiganjani. Nakisugua uso, nakiweka kwenye spektrometa, mashine inayopima kilichomo ndani ya chuma, cheche inapiga, orodha inatokea kwenye skrini. Wenzangu hutazama kaboni kwanza. Mimi nashuka moja kwa moja mpaka kwenye Cu, alama ya shaba.

Kaboni ikipungua, tunaongeza. Manganizi ikipungua, tunatupia feromanganizi. Shaba ikizidi, hakuna dawa ya kutupia. Tunachoweza ni kuongeza chuma safi ili ipungue makali, tena kama chuma safi kipo na tanuru lina nafasi.

Wahandisi wa karne ya 19 walikwama hivyo hivyo kwa fosforasi. Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka mwaka 1856, lakini madini mengi ya chuma ya Ulaya yalikuwa na fosforasi, na chuma chake kilitoka kinavunjika. Aliyelifungua fundo hilo ni Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama ya polisi jijini London aliyesoma kemia jioni baada ya kazi. Majaribio aliyafanya na binamu yake, Percy Gilchrist, mkemia wa kiwanda cha chuma cha Blaenavon kule Wales. Walilijenga tanuru ndani kwa matofali ya asili ya chokaa na kutia chokaa humo humo. Fosforasi ikaungana na oksijeni, ikashikwa na chokaa, ikaelea juu na slagi, uchafu unaotengana na chuma kilichoyeyuka. Mwaka 1879 njia hiyo ilionyeshwa Middlesbrough na kukubalika. Slagi yenyewe ikasagwa na kuuzwa kama mbolea. Thomas alifariki mwaka 1885 akiwa na miaka 34. Namheshimu sana mtu huyu.

Kwa shaba, njia ya Thomas haifui dafu. Fosforasi inaikimbilia oksijeni. Shaba inaikwepa kuliko hata chuma chenyewe. Ukipuliza oksijeni ili uiunguze, utaunguza chuma chako chote na shaba utaikuta imekaa pale pale. Madhara yake yanajitokeza baadaye, bileti inapopashwa moto kufikia nyuzi 1,200 hivi. Chuma cha juu kinashika magamba ya kutu ya moto, shaba haigeuki, inabaki imejikusanya chini ya magamba hayo. Na kwa kuwa inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, inakuwa maji, inapenya katikati ya chembe za chuma. Rola ikibana tu, uso unapasuka nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya mamba. Stani, ile inayotoka kwenye risasi ya kulehemu waya, inazidisha balaa.

Mwaka 2017 Katrin Daehn na wenzake wa Cambridge walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Nondo huvumilia shaba mpaka asilimia 0.4 hivi, bati la bodi za magari linataka chini ya asilimia 0.1. Kwa hiyo skrepa chafu ya dunia inajificha kwenye nondo. Hesabu yao inaonyesha kwamba baada ya mwaka 2050 hivi maficho hayo hayatatosha. Na huku nchi nyingi zinasema zitapunguza makaa ya mawe kwa kuyeyusha skrepa zaidi!

Maabara za nje zinajaribu slagi za salfa, zinajaribu kuyeyusha kwenye ombwe ili shaba itoke kama mvuke. Kule Luleå, Sweden, kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall zilizalisha chuma sponji kwa haidrojeni mwaka 2021, na chuma cha namna hiyo, kinachotoka moja kwa moja kwenye madini, kinafaa sana kuzimulia skrepa. Tanzania tuna Liganga, Ludewa, ila madini yake yana titani na vanadi, na titani inaifanya slagi iwe nzito. Hilo linahitaji watafiti wake, na lingestahili chapisho lake.

Mimi naangalia karibu zaidi: yadi yetu. Chukua kompresa ya friji. Kwa nje ni chungu cheusi cha chuma kilicholehemewa kikafungwa kabisa, na sumaku inakinyanyua bila kusita. Ndani kuna mota iliyosukwa kwa waya wa shaba. Tanuru la tani 10 linahitaji kilo 10 tu za shaba ili usomaji upande kwa asilimia 0.1. Kuna mama anayechambua skrepa pale, hutwanga kipande kwa nyundo, anasikiliza, kisha ananiambia, "Dada, hiki kina tumbo." Kinapasuliwa kwa grainda, na waya upo. Stata, alteneta, mota za waipa, vyote anavitambua hata vikiwa vimepondwa.

Ujuzi huo haujaandikwa popote, wala malipo yake hayaendani na thamani yake, na hilo linaniuma. Kwa hiyo tumeanzisha daftari: kila lori linaandikwa limetoka wapi, shaba iliyotolewa inapimwa kwenye mizani, na mimi naandika pembeni usomaji wa Cu wa tanuru lililolishwa skrepa hiyo. Nataka uongozi uone kwa tarakimu kazi ya mama yule inaokoa bileti ngapi, kisha tuzungumze habari ya bei: anayeleta skrepa safi alipwe zaidi kwa kilo, na wachambuzi wapate sehemu yao.

Kama unasoma uhandisi wa metali chuoni na unatafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, niandikie. Kinachokosekana ni mtu wa takwimu wa kutusaidia kutenganisha mchango wa kompresa na wa stata, maana kwenye tanuru vinaingia pamoja.