Jarida la Watu wa Barabara Moja

Mwaka 2009, nikisoma stashahada ya uandishi wa habari hapa Tanga, tulipewa kazi ya kubuni jarida la muziki. Sharti lenye uzito lilikuwa moja: liwe la watu wachache, watu ambao hakuna gazeti linalowaandikia. Mwalimu alitaka jalada, ukurasa wa yaliyomo na makala moja ya kurasa mbili zinazotazamana. Kabla ya hayo yote alitaka karatasi inayomweleza msomaji: ni nani, anakaa wapi, anasikiliza muziki saa ngapi, na pesa ya gazeti ataitoa wapi.

Darasa karibu lote likakimbilia bongo fleva. Walipoambiwa wapenzi wa bongo fleva si watu wachache, wakaikata vipande: bongo fleva ya mikoani, bongo fleva ya wasichana. Mmoja alichukua rege. Mimi na mwenzangu niliyepangiwa naye tukachukua taarab ya Tanga ya zamani.

Nasema ya Tanga kwa sababu ina mambo yake. Unguja wana kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa tangu mwaka 1905, wana ala za nyuzi: udi, kanuni na safu ya fidla. Huku kwetu, miaka ya 1960 na 1970, Black Star na Lucky Star walipiga wakiwa kundi dogo, wakaingiza gitaa la umeme na besi, na mdundo wao ulikuwa na harufu ya dansi. Isingewezekana vinginevyo katika mji uliokuwa na bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Shakila aliimba huku kabla Dar es Salaam haijamchukua. Wapenzi wa muziki huo walikuwa bado wapo, wengi wao kina mama wa makamo kwenda juu, na nilijua pa kuwapata: Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, nyumbani kwa mama mkubwa.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Handeni. Kwake taarab ilikuwa kelele ya harusi ya jirani. Hilo lilitusaidia, maana aliuliza mambo ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria. Nilipoleta wazo la jalada lenye pindo, mji na jina kama kanga, aliniuliza, "Hawa mama zako hawana kanga ndani, mpaka tuwachapie nyingine?" Nikakosa jibu. Hata leo, kila nikiona kalenda, kipeperushi au bango la tamasha la pwani limezungushiwa pindo la kanga, namkumbuka. Ni wazo la kwanza linalomjia kila mtu, na wengi hawaendi la pili.

Tukataka picha. Simu ya mwenzangu ilikuwa na kamera ya nukta 640 kwa 480, na kwenye kioo cha simu kila kitu kilipendeza. Mwalimu akatupigia hesabu ubaoni: uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha yenu ina upana wa inchi mbili na kidogo, sentimita tano na nusu hivi. Ukiivuta ijaze jalada la A4, sura ya mtu inageuka vigae.

Ndipo nikakumbuka santuri. Mama mkubwa alikuwa nazo chache, za marehemu mumewe, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Zina upana wa inchi saba, yaani chini kidogo ya sentimita 18, na kioo cha skana ya kawaida kina sentimita 21 na ushee. Santuri ingelala pale bila kukatwa ukingo, na ingechapwa kwa ukubwa wake halisi, mifereji yake yote ikionekana. Nikaenda kuomba moja ya Black Star. Mama mkubwa alikubali, ila haikutoka peke yake: alimtuma mjukuu wake wa darasa la tano aisindikize hadi steshenari, aitazame ikilazwa na kuinuliwa, kisha airudishe. Mtoto alisimama kando ya mashine kama askari wa benki. Dada wa steshenari akamuuliza kama na yeye anataka kuskaniwa.

Rangi zilitutoa jasho pia. Kitovu cha santuri kilikuwa na wekundu ambao kwenye kompyuta uliwaka vizuri sana, lakini kwenye karatasi ukatoka kama matofali. Kompyuta hujenga rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya uchapaji hujenga kwa wino wa aina nne, na kuna wekundu ambao wino haufiki. Ukurasa mmoja wa rangi ulikuwa bei ya chakula cha mchana, kwa hiyo hatukujaribu sana. Tukasema matofali nayo ni rangi.

Raha yenyewe ilikuwa kurasa za ndani. Mwenzangu alitaka makala kuhusu wimbo mmoja, wimbo ambao Tanga nzima ya rika lile inaujua: nani alitunga, ulipigwa wapi kwanza, na zaidi ya yote, uliimbiwa nani. Kichwa cha makala kilikuwa hicho hicho, kwa herufi nene: "Uliimbiwa nani?" Mimi nikaomba kurasa mbili za ziada, ambazo Mwalimu hakuziagiza, niweke maneno ya wimbo wenyewe, beti zote.

Kwenye PageMaker, programu iliyokuwa imezeeka hata wakati ule, nilitumia jioni nzima nikipanga beti zile. Mishororo mitatu kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Makala ya mwenzangu ilikuwa kwa herufi za pointi 10. Mimi nikaweka pointi 14, kwa ajili ya macho ya mama mkubwa. Katikati ya vipande viwili nikaacha nafasi ya kidole, vina vya kati vikashuka wima, na vya mwisho vikashuka wima. Sikuhitaji kubuni sana, maana mtunzi alikwisha kuupanga ukurasa kabla yangu.

Tulitoa mfano mmoja wa kurasa nane, karatasi mbili za A3 zilizokunjwa na kupigwa pini katikati. Ijumaa baada ya alasiri, siku yao ya upatu, tukaupeleka.

Walikuwa wamekaa mkekani uani. Tukatoa shikamoo, tukaitikiwa marahaba ya pamoja, tukaletewa chai na mihogo. Mama mkubwa akalishika jarida, akalisogeza mbali na uso, akalirudisha. Jalada alilitambua mara moja na akawaonyesha wenzake santuri ya marehemu, ikazunguka mkeka mzima. Ukurasa wa yaliyomo aliupita kama hauna kitu. Alipofika kwenye makala akasimama kidogo.

"Hizi herufi za sisimizi mmemwandikia nani?"

Mwenzangu akaanza kueleza. Mama mkubwa alikwisha kufunua. Akaziona beti. Akaweka kidole kwenye ukwapi wa kwanza na kuusoma kwa sauti ya kawaida, akafika kwenye ile nafasi niliyoiacha, na kabla hajavuka, mkeka wote ukaitikia utao. Hawakuwa wanasoma, jarida lilikuwa moja na alikuwa nalo yeye. Akasoma wa pili, wakaitikia. Ubeti wa pili hakuna aliyesoma tena, waliimba, na mmoja akawa anapiga besi kwa mdomo, ile besi yenyewe, bila kukosea.

Baada ya hapo ndipo maneno yakaanza. Bibi mmoja alisema ubeti wa tatu ulikuwa mkali zaidi siku ya kwanza, ukalainishwa baadaye kwa sababu mwenyewe alilalamika. Mwingine akasema hakulalamika yeye, alilalamika mumewe. Wakashusha sauti. Jina likatajwa, la mtu wa barabara isiyokuwa mbali na pale. Mwenzangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akilitafuta jina hilo, akatoa daftari.

Mkeka ukanyamaza.

"Unaandika nini, mwanangu?" mama mkubwa akauliza.

"Jina la aliyeimbiwa, mama. La makala."

"Futa."

"Lakini mama, mambo yenyewe ni ya zamani."

"Yu hai. Na watoto wake wako hai. Mmoja ndiye aliyekumiminia hiyo chai."

Mwenzangu alitazama kikombe, akafuta. Hakufuta kwa mstari, alilisugua jina mpaka karatasi ikatoboka.

Njia nzima ya kurudi tulibishana, tukikokota baiskeli. Yeye alishikilia tulichofundishwa: habari ni nani, nini, lini, wapi na kwa nini, na makala inayoitwa "Uliimbiwa nani?" isiyomtaja huyo nani ni kumlaghai msomaji. Nami nikamwuliza msomaji yupi. Kwenye ile karatasi tuliyompa Mwalimu, msomaji wetu ni mama wa Ngamiani mwenye miaka hamsini au sitini. Huyo analijua jina. Asiyelijua si msomaji wetu, na huyo ndiye tu angefaidika tukiliandika. Isitoshe, fumbo likishafumbuliwa kwa wino wimbo unakuwa umbeya wa kawaida, na umbeya hawaununui, wanao wa bure.

Alikubali shingo upande. Akaibadilisha makala ikawa ya wapigaji: nani alishika gitaa, nani alishika besi, wimbo ulipigwa kwenye harusi za namna gani, kina mama walivyopanga mstari kwenda kutunza, mwingine akifika mbele huku akimtazama mtu fulani. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, ingawa yeye hakukubali hilo. Mimi nikarudi kwenye beti. Upana wa A4 ni sentimita 21. Beti zilikula 11, upande wa mkunjo nikaacha 2, zikabaki 8 upande wa nje. Mwanzoni nilipanga kujaza maua pale. Nikaacha pambizo yote wazi, na juu yake maneno mawili madogo: "Mwenyewe tunamjua." Anayetaka kuandika jina aandike kwa mkono wake, nyumbani kwake.

Mwalimu aliliona hilo kabla ya kitu kingine. "Karatasi ni pesa. Mbona zaidi ya theluthi ya ukurasa mmeiacha?" Tukamsimulia habari ya chai. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatukata alama kwa kukosa matangazo, maana jarida lisilo na tangazo hata moja halifiki toleo la pili. Alikuwa na haki. Alama za juu kabisa zilikwenda kwa yule wa rege, naye alistahili.

Mama mkubwa akatuma salamu: wenzake wa upatu wanataka kila mmoja lake, na pesa wamekwisha kuchanga. Rangi hawana haja nayo, kopi nyeusi inatosha. Ila ile ya kijana wa Handeni, ya sisimizi, itolewe, inaongeza gharama.

Nilimfikishia mwenzangu ujumbe ulivyo. Akachukua kalamu akapiga hesabu. Ukiondoa kurasa mbili za makala, yaliyomo hayana tena cha kuorodhesha, nayo yatoke pamoja na ukurasa wa nyuma yake. Zinabaki nne: jalada, beti kurasa mbili, na mgongo. Karatasi moja ya A3, kunja mara moja, hata pini haihitajiki.

"Angalau jalada wameliacha," akasema.

"Jalada ni langu," nikamwambia.