Hamna shida, sista

Nilitaka niandike hii tangu Ijumaa usiku nikaishia kulala na simu mkononi. Sa leo Jumapili watoto wametoka na baba yao, nyumba kimya, nimejimiminia chai ya tangawizi, acha nilitoe hili jambo kichwani.

Kwenye kazi yangu ya ushauri nasaha kuna mteja nitamwita Kaka wa Ijumaa (vitu vyake vingi nimevigeuzageuza makusudi, hata mkewe akisoma hapa hawezi kumjua). Umri thelathini na kitu, mtu wa kliaringi bandarini, simu mbili, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kumsogelea. Alikuja kwangu kwa sababu mke alimwambia "nimeolewa na ukuta". Yeye mwenyewe haoni tatizo liko wapi, hagombani na mtu, hachelewi kurudi usiku, hela ya matumizi inatoka kwa wakati, sasa ukuta upi.

Kwa kweli dakika kumi za kwanza nilishajiona nimemaliza kazi. Mama yake alienda Muscat kufanya kazi za ndani yeye akiwa na miaka mitatu, akabaki na bibi Tanga. Sisi tuliosoma nadharia ya mwambatano, ile ya jinsi mtoto anavyojifunga kwa anayemlea na hilo linavyomfuata ukubwani, kazini tunaita tu atachimenti, tukisikia hivyo masikio yanasimama. Mama kaondoka, mtoto kajifundisha kutomhitaji mtu, kakua kawa ukuta, kwisha habari. Na nilikuwa nimetoka semina mwezi uliopita, nina moto, basi nikamchorea kabisa kwenye karatasi zile aina nne za watu, huyu ametulia na watu wake, huyu muda wote anahofia kuachwa, huyu anakwepa ukaribu, huyu anautaka na anauogopa hapohapo. Akaikunja ile karatasi vizuri akaitia mfuko wa shati. Wiki iliyofuata kaja amekesha na video za YouTube, anaijua atachimenti kunizidi mimi. "Mimi ni mkwepaji sista, asilimia mia." Ikawa tunamjadili yeye kama kontena lililokwama bandarini, karatasi zote zipo, mzigo hautoki. Na mimi nilikuwa nafurahia vile vikao, ndo aibu yenyewe.

Kuna usaili wa watu wazima ambao kina Mary Main na wenzake waliutunga Marekani miaka ya 1980, humo mtu anaombwa maneno matano ya kuelezea uhusiano wake na mzazi alipokuwa mdogo, halafu kila neno unamuomba tukio. Mimi sijasomea kuupima ila lile swali nimeliiba siku nyingi, maana linafanya kazi. Maneno yenyewe sio ishu, unachosikilizia ni kama nyuma ya neno kuna kitu. Basi akanipa, mama ni mzuri, mchapakazi, mpole, anajali, mzuri. Nikasema haya, anajali, nipe siku moja unayoikumbuka. "Alinitumia baiskeli." Nyingine? Akaangalia feni. "Si hiyo baiskeli sista."

Katikati ya hapo nikapata msiba, shangazi yangu, Moshi. Nikaondoka na basi la alfajiri, nikamtumia meseji ya mistari miwili kwamba Ijumaa mbili sitakuwepo. Akajibu muda huohuo, "Pole sana sista. Hamna shida", na dole gumba. Mwingine, dada mmoja mwenye wasiwasi wake, alinitumia voisinoti nne analia kwamba namwacha wakati mbaya, na mimi na msiba wangu nikasimama nje ya nyumba ya wafiwa nusu saa nzima nambembeleza. Nikajisemea bora yule kaka, mteja ni yule, hana usumbufu. Hana usumbufu! Maneno hayohayo wanayosemwa watoto wa namna yake tangu wadogo, yaani anayepiga kelele anabebwa na anayekaa kimya anasifiwa anaachwa hapohapo. Na nimelisoma hili mwenyewe, walipopima mapigo ya moyo ya wale watoto wanaoonekana hawajali mama akitoka chumbani, miaka ya 1970 huko, wakakuta moyo unakimbia vilevile kama wa wanaolia. Nimelisoma, nimelifundisha wanafunzi wa fildi, na bado lile dole gumba lilinilaghai.

Niliporudi, yeye ndo hakuja. Mara mkutano, mara meli imeingia, meseji za heshima tupu.

Nikapeleka kesi kwa mama anayenisimamia kazi (kila mshauri anatakiwa awe na mtu wa hivyo, wangu ni mstaafu anakunywa kahawa chungu asubuhi mpaka jioni na haangaliki usoni ukifanya uzembe). Nikamwaga yote, Muscat, baiskeli, ukuta. Akanisikiliza weee, akauliza swali moja. "Huyo bibi yuko wapi?"

Jamani. Vikao vinane, sijui kama bibi yuko hai au amekufa.

Nilirudi nyumbani najilaumu njia nzima, maana hii nadharia tunaisoma kama kitu cha wazungu, mama mmoja mtoto mmoja na chumba chenye mlango, wakati Mary Ainsworth, mmoja wa walioijenga, kabla ya kile chumba chake maarufu cha Baltimore, Marekani, alikoangalia mtoto anafanyaje mama akitoka na akirudi, alianzia hapa kwa majirani. Alifika Uganda 1954 na mumewe, akafuatilia familia 26 kwenye vijiji vya karibu na Kampala, anakwenda majumbani kwao na mkalimani, anakaa anaangalia mtoto anatambaa mpaka wapi kabla hajageuka kumtafuta mtu wake. Na Bowlby mwenyewe, mwenye nadharia, amezaliwa 1907 familia ya kitajiri London, mama yake alikuwa akimuona kama saa moja tu kwa siku, aliyemlea hasa ni yaya, na yaya akaondoka yeye akiwa na miaka kama minne. Ukubwani akaja kuandika kwamba mtoto aliyelelewa na yaya mwenye upendo, yaya akiondoka, pigo lake linakaribia lile la kufiwa na mama. Sa mimi mtoto wa Kitanzania niliyelelewa na mama mkubwa miaka minne ndo nimekazana na Muscat.

Ijumaa hii akaja. Karatasi sikugusa, mama sikumtaja. Nikamwambia kaka, mimi niliondoka nikakuaga kwa mistari miwili, na niliporudi sikukuuliza umeionaje hiyo, hapo nilikosea. Akacheka, "Hamna shida sista, msiba ni msiba." Nikanyamaza. Ana chupa ya maji, anafungua kizibo anafunga. Nikamuuliza, ukiwa mdogo ukianguka ukachubuka goti ulikuwa unakimbilia kwa nani.

"Bibi." Hata swali sijalimaliza.

Na hapo sikuomba tukio, lilikuja lenyewe. Usiku akikohoa bibi anapasha mafuta ya nazi anampaka kifuani, halafu anamzungushia kanga anaifunga kwa nyuma, fundo linamchoma mgongo akilala chali kwa hiyo analala kifudifudi, asubuhi kanga inanuka moshi wa kuni. Akawa ananionesha fundo lilipokuwa linakaa, mkono kaukunja mgongoni, lile shati lililonyooshwa limetoka lote kwenye suruali wala hajagundua.

Bibi alifariki yeye yuko kidato cha pili, bweni. Wazee wakakubaliana asiambiwe mpaka amalize mitihani. Kafika Desemba kakuta kaburi limeshajengewa. Akasalimia watu wote, akala, watu wakamsifu, huyu mtoto ana moyo.

Nilitaka kusema kitu hapo, mdomo ulishafunguka kabisa, sentensi nzuri ninayo kuhusu watu wanaoondoka bila kuaga na mkeo na mimi na Moshi, yote inaungana safi. Nikaimeza. Nikamuuliza tu bibi alikuwa anamwitaje. Akaniambia, ila hilo siliandiki hapa, ni la kwake. Akakaa na lile jina kidogo, macho mekundu, akanywa maji yote ya chupa kwa mkupuo mmoja.

Muda ukaisha. Akachomekea shati, akachukua simu zake, akafika mlangoni akageuka. "Desemba si utakuwa likizo? Kuanzia tarehe ngapi?" Hajawahi kuniuliza swali lolote kuhusu nitakuwepo au sitakuwepo, hata moja. Nikamtajia tarehe 18 mpaka tarehe 6 Januari. Akaandika kwenye simu. Halafu akatoa ile ya pili akaandika na humo pia.