Jira Tunaipima, Rehema Je?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya wiki hii nimeiandika na kuifuta mara mbili. Nilitaka kuwafundisha ninyi, na kila nikianza Roho ananirudisha jikoni kwangu.

Tangu mume wangu alipoambiwa apunguze nyama, nimekuwa najifundisha kupika vyakula vya Kihindi hapa nyumbani Moshi. Sisi tuliokulia mtori na machalari, mezani pasipo na nyama tunaona hapajaandaliwa kitu. Kumbe dengu nyekundu za pale Mbuyuni zinashibisha nyumba nzima na watoto wakaomba tena! Unazichemsha na manjano mpaka zivurugike. Mwishoni, kwenye kikaango kidogo, unapasha mafuta, unatia jira nzima, kitunguu saumu na pilipili kavu, kisha unavimwaga vikiwa vinachachatika juu ya dengu. Wahindi wanaita tadka. Jira ni hii hii bizari nyembamba tunayotia kwenye pilau. Ikiiva, nyumba yote inanukia. Ukiiacha kidogo tu inaungua, na uchungu wake hautoki hata uongeze nyanya.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na wageni wa jumuiya. Nilimwachia kikaango dada anayetusaidia kazi, nikaenda kuwapokea. Jira ikaungua. Wapendwa, nilimfokea binti yule mpaka sebuleni wakanyamaza. Hakujibu neno. Alikishika kile kikaango kwa mikono miwili, akaenda kukisugua nje bombani, na mimi nikavua aproni nikaenda kuombea chakula.

Usiku nikafungua Mathayo 23. "Mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, lakini mmeacha mambo makuu ya sheria, yaani adili, na rehema, na imani." Jira! Aya hiyo nimeisikia tangu kipaimara, na siku zote niliwaona Mafarisayo. Usiku ule niliona kijiko changu cha kupimia.

Bwana hakusema tuache kupima. Alisema, "Hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache." Sadaka tutoe, kwaya tuimbe, chakula cha wageni kiwe kizuri. Lakini niwaulize akina mama wenzangu, na akina baba pia: huyo binti anayeamka saa kumi na moja ili ninyi muwahi ibada ya kwanza, yeye anasali ibada ya ngapi? Anakula lini, na anakula nini? Mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi? Jira tunaipima kwa kijiko, ujira wa mtu tunauahirisha, halafu tunasimama kutoa ushuhuda. Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tusidhani zinafunikwa na mapambio yetu. Tutubu, wapendwa. Si lazima kungoja semina wala mkesha. Jikoni kwako panatosha.

Na Isaya 28 inanifariji: mkulima hapitishi gurudumu la gari juu ya jira, huipura kwa ufito, kwa sababu Mungu wake amemfundisha. Bwana angenipitishia gurudumu kwa yale aliyoyaona kwangu miaka yote hii, ningekuwa wapi leo?

Jumatatu nilimfuata binti akiwa anachambua mchele. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuaibisha mbele za watu." Alikaa kimya, ungo ukiwa magotini. Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa sijui inatakiwa iweje. Hukunionyesha."

Ni kweli. Nilijifunza miezi kadhaa, nikaunguza mara ngapi sijui, na hakuna aliyenifokea. Yeye nilimpa kikaango siku moja tu.

Jioni tulisimama wote wawili jikoni. Nikamwonyesha kudondosha punje moja kwanza: ikizungukwa na mapovu madogo, mafuta yako tayari. Jira ikianza kugeuka rangi, zima moto. Alifanya mwenyewe, na dengu zile tulikula naye mezani.

Wageni wanarudi Jumamosi hii. Mniombee.