Viazi, mshumaa na kelele za bati

Moshi, Jumapili usiku, masika

Mvua ikianza kupiga bati, ubishi wa sisi tunaokutana kutazama sinema za kisanaa unakatika wenyewe, maana hakuna anayemsikia mwenzake. Ikitulia, ubishi unarudi palepale ulipoachwa: filamu ambayo mama anamenya viazi na kamera haibanduki ni sanaa, au kuna mtu anajidai huko na sisi tunaona haya kumwambia?

Kujidai si kuwa mgumu kueleweka, wala si kwenda polepole. Anayejidai ni yule aliyevaa suti huku lebo ya mkononi haijabanduliwa: anataka uone bei kabla hujaona nguo. Filamu ya namna hiyo hukukumbusha kila dakika kwamba ni sanaa. Giza lisilo na sababu, sauti inayosoma maneno mazito juu ya picha ya dirisha, farasi anapita, maji yanadondoka, na ukiuliza farasi wa nani unaambiwa ujisikie tu.

Lakini kesi inayoletwa mara nyingi si ya farasi. Ni ya yule mama wa viazi, Jeanne Dielman, filamu ya Chantal Akerman ya mwaka 1975, dakika 201, ambayo mwaka 2022 kura za wahakiki za jarida la Sight and Sound ziliiweka namba moja duniani. Baada ya kura hiyo kelele zilikuwa nyingi. Hapa mjini kesi huletwa kwa adabu na kejeli kwa pamoja: "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, hivi viazi vinaisha saa ngapi?" Na jibu la mzee: "Marahaba mwanangu. Vinaisha ukianza kuviangalia."

Jibu tamu, ila halimsaidii kijana. Kinachomsaidia ni kuambiwa aangalie nini. Siku ya kwanza Jeanne anafanya kila kitu kwa mpangilio: anazima taa akitoka chumbani, pesa anaweka kwenye bakuli la supu na kulifunika, chakula kinaiva kwa wakati. Siku ya pili, baada ya mgeni wake, mwanamume anayemlipa, kuondoka, bakuli linabaki wazi na viazi vinapitiliza kuiva. Anazunguka nyumbani na sufuria mkononi hajui aitue wapi. Anatoka kununua viazi vingine, anakaa, anaanza kumenya upya. Aliyewahi kumenya ndizi za mtori wa watu ishirini haambiwi kwamba kisu kimebadilika mwendo. Anaona. Kisu kinaingia ndani zaidi, mkono unasita, macho hayako kwenye kazi. Mwenye shahada hapo anaongelea nadharia, na aliyekaa sana jikoni anasema, "Huyu mama hayuko sawa." Nani kaitazama filamu?

Hayo masaa matatu yana kazi. Bila siku ya kwanza iliyonyooka, kifuniko kilichosahaulika hakina maana yoyote. Ungeikata hadi dakika 90, ungebaki na mama anayepika, kisha tukio la mwisho linaloshuka kutoka hewani.

Kwa hiyo kipimo chetu ni cha kizamani kidogo. Chukua shoti (kipande kilichopigwa bila kukata) iliyokuchosha, ipime kwa saa ya simu, kisha taja vitu vitatu vilivyobadilika kati ya mwanzo wake na mwisho wake. Ukivipata, shoti inafanya kazi, hata kama hukuipenda. Ukirudia mara mbili ukakosa hata kimoja, una haki ya kulalamika.

Nostalghia ya mwongozaji Tarkovsky, 1983, inakipita kipimo hiki bila shida. Karibu na mwisho kuna shoti moja ya takriban dakika tisa: mtu anavuka bwawa lililokaushwa akiwa na mshumaa unaowaka. Unazimika. Anarudi alikoanzia, anauwasha, anaanza tena. Unazimika tena. Mara ya tatu anafika. Kila nyumba Moshi imewahi kukatikiwa umeme na mtu akapita koridoni kiganja kikiwa mbele ya moto, hatua ndogo, pumzi imebanwa. Haihitaji kitabu. Unachokuja kujua dakika ya saba ni kwamba na wewe umeacha kupumua.

Solaris ya bwana huyohuyo, 1972, ina kipande cha gari kupita kwenye barabara na mahandaki ya Tokyo, kama dakika tano. Hapo wengi wetu tumepima, tumerudia, na bado tunabishana. Wapo wanaosema ni kuiaga dunia. Kwa maoni ya anayeandika hapa, dakika mbili zingetosha kuaga. Kumsifu mtu si kumfungia macho, na kundi ambalo haliruhusiwi kusema "hapa Tarkovsky alizidisha" ndilo linalojidai kuliko filamu yenyewe.

Sasa, upande wa pili, ambao hauzungumzwi vya kutosha. Nusu ya malalamiko hayahusu filamu. Yanahusu jinsi ilivyooneshwa.

Filamu nyingi za zamani, kama La Noire de... ya Sembène, mwongozaji wa Senegal, 1966, zina umbo karibu na mraba. Runinga za leo ni ndefu kwa upana. Mtu akiona nafasi nyeusi kushoto na kulia anabonyeza rimoti ili "ijae", na nyuso zote zinatanuka kwa theluthi nzima. Diouana, msichana mwembamba wa filamu hiyo, anageuka mtu mwingine. Acha nafasi nyeusi, ndipo ilipo sawa. Halafu ingia kwenye mipangilio ya picha uzime ile kazi ya kulainisha mwendo. Samsung waliiita Auto Motion Plus, siku hizi Picture Clarity, LG huiita TruMotion. Ikiachwa, runinga inajitungia picha za katikati na filamu inaonekana kama tamthilia ya mchana.

Sabtaito, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, ndiyo muuaji mkubwa. Zikichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, tatizo ni dogo: kwenye programu ya VLC bonyeza G au H, kila mbonyezo unasogeza milisekunde 50. Zikianza vizuri kisha zikazidi kuachana na midomo, usihangaike na G na H. Faili limetengenezwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde na wewe una ya picha 24. Hapo maandishi yanatangulia kwa sekunde 2.4 kila dakika. Nusu saa baadaye yako mbele kwa sekunde 72, muuaji anatajwa kabla mtu hajafa. Dawa ni kubadili kasi ya sabtaito kwenye sehemu ya kulinganisha sauti na maandishi, au kutafuta faili jingine. Na jina la faili la sabtaito lifanane na la filamu, yote yakae folda moja, la sivyo utakuwa unalitafuta wakati watu wamekaa.

Sauti: filamu ikiwa imetengenezwa kwa spika sita na wewe una mbili, maneno ya wahusika yanaweza kupotea huku muziki ukinguruma, kwa sababu mazungumzo huwekwa kwenye spika ya katikati ambayo huna. Weka sauti kuwa ya stereo kabla ya kuanza. Na kuhusu projekta, tamaa ya ukubwa ndiyo inayoponza. Ukiongeza upana wa picha kutoka mita moja na nusu hadi tatu, mwanga uleule unagawanywa kwenye eneo mara nne. Sini za usiku zinazama, na mtu anasema filamu za kisanaa ni giza tupu. Giza ni lako. Shuka moja jeupe pia hupitisha mwanga. Weka mawili au tafuta ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa.

Kuna hesabu nyingine ambayo Moshi haikwepeki, ya betri. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini hizi za kawaida za asidi usizishushe chini ya nusu, zitakufa mapema. Zinabaki 600, inveta inakula kama asilimia 15, una 510. Projekta wati 250, laptopu 60, spika 30: jumla 340. Hiyo ni saa moja na nusu. Where Is the Friend's House? ya Kiarostami, mwongozaji wa Iran, 1987, ina dakika 83, inapita na dakika saba zinabaki. Jeanne haipiti. Toa projekta, weka runinga ya LED ya inchi 32 inayokula wati 50 hivi, na jumla inashuka hadi 140. Sasa una zaidi ya saa tatu na nusu, na viazi vinaiva kwa betri moja. Katikati simamisha pale maandishi yanaposema siku ya kwanza imekwisha, watu wanyooshe miguu, wanywe chai.

Kuhusu waanze na nini, usimfungulie mtu mlango kwa filamu ya masaa matatu kisha umwite mvivu. Borom Sarret ya Sembène, 1963, ni kama dakika 20 za mwenye mkokoteni Dakar. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa soko la Mbuyuni mkokoteni ni nini. Kisha La Noire de..., saa moja hivi. Kisha ya Kiarostami: mtoto amebeba daftari la mwenzake kwa bahati mbaya na anapanda kilima kulirudisha. Watoto wa hapa wanaijua hofu ya mwalimu na daftari. Huyo mtoto ni stelingi kuliko wengi wenye bastola.

Anayesema "haina stori" naye asikilizwe. Amekulia kibanda umiza, enzi za mtafsiri Lufufu, filamu za nje zikiwekewa sauti ya Kiswahili juu yake. Ule ulikuwa ufundi kamili, ila ulikuwa na sheria moja: kimya hakiruhusiwi, mtafsiri anakijaza. Ukitafsiri moja kwa moja filamu ya Kiarostami kwa mtindo huo, unaua kitu chenyewe. Mtafsiri anyamaze mhusika anaponyamaza, basi. Mkiandika sabtaito wenyewe, mstari usizidi herufi 40 hivi, mistari miwili, isipungue sekunde moja wala kuzidi saba. Kiswahili kinawapa faida hapo: "hatukumwambia" ni neno moja, Kiingereza kinataka matano. Ubaya wake, neno refu halikatwi katikati, kwa hiyo pangeni mstari mapema. Na kama onesho ni la hadhara, kuna kibali cha Bodi ya Filamu. Msije mkakumbuka siku yenyewe.

Mvua imerudi. Kwa hali hii wiki ijayo haiwezi kuwa filamu ya minong'ono. Itakuwa Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, 1973: pikipiki yenye pembe za ng'ombe, bahari, na wimbo wa Josephine Baker wa Paris unaorudiwa hadi ukukere, na kukereka ndiko kunakotakiwa, maana vijana wawili wa filamu hiyo, wanaoota kwenda Paris, wanaimbiwa safari ambayo haijalipiwa. Itabana kidogo kwenye betri, ichajiwe tangu asubuhi. Na machinjio yanaoneshwa mwanzoni kabisa, damu halisi, bila kukatwa, kwa hiyo wanaopitia nyama choma mchana waambiwe mapema.